Jamani, dondosheni boksi lenu kabla kuli hajalidondosha

Najua wengi mko bize na test, na wengine mnahesabu siku za bumu kama wafungwa wanavyohesabu miezi, lakini hili limenikaa rohoni tangu Nanenane na leo nalitoa lote.

Pita kwenye mabanda ya wajasiriamali pale uwanja wa Nanenane hapa Morogoro, au Sabasaba kule Dar, uliza mtu yeyote tatizo lake nini. Atakwambia mtaji, halafu atakwambia vifungashio. Mwenye unga wa lishe, vifungashio. Mwenye asali, vifungashio. Mwenye karanga za kusaga, vifungashio. Na mgeni rasmi akija kufungua maonyesho naye anasema hivyo hivyo: wajasiriamali wetu boresheni vifungashio mshindane sokoni. Makofi, picha ya pamoja, soda.

Sasa ukichimba kidogo utagundua "kuboresha" kwao maana yake ni sura. Lebo ing'ae, iwe na picha ya mama anayecheka, iwe na mistari ile ya kusomwa na mashine ya supamaketi. Semina zinafundisha hayo, na sikatai, lebo inauza. Lakini sijaona semina hata moja ambapo mwalimu anachukua boksi lililojaa bidhaa, analipandisha usawa wa meza, analiachia lianguke, halafu anasema haya fungueni tuone. Mimi msimamo wangu ni kwamba hilo ndilo somo la kwanza, rangi zije baadaye.

Mama yangu mdogo yuko Iringa, anatengeneza pilipili ya kusaga na jemu. Chupa za kioo, vifuniko vya bati, kazi safi. Mwaka juzi alipata duka Dar lililokubali kumuuzia. Akapanga chupa 24 kwenye boksi lililokuwa la mafuta ya kula, akaweka magazeti katikati, akafunga na soltepu raundi kama nne, akaandika kwa maka peni USIPINDUE, akapeleka kwenye basi. Dar zilifika chupa 15. Tisa zilikuwa vipande, na pilipili imezilowesha lebo za zile zilizopona hadi mwenye duka akakunja uso.

Piga hesabu nami. Chupa moja inamgharimu 3,500 na anauza 5,000. Tisa zilizovunjika ni hasara ya 31,500. Kumi na tano zilizobaki, hata zikiuzwa zote kwa bei ile ile, faida yake ni 22,500. Kwa hiyo amepoteza 9,000, na hapo hatujagusa nauli ya mzigo. Mtu amefanya kazi wiki nzima ili alipe kwa kufanya kazi.

Alipolalamika kwa wakala, akaonyeshwa maandishi madogo nyuma ya risiti: kampuni haihusiki na vitu vinavyovunjika. Wakala akaongeza, "Mama, boksi lako lenyewe lilikuwa limechoka." Mama mdogo anaapa vijana walilirusha. Nimefikiria sana hapo, na nadhani wote wawili inawezekana walikuwa wakweli. Boksi lilikuwa limechoka na vijana walilirusha. Kinachoniuma ni kwamba hakuna namna yoyote ya kujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kupima lile boksi linaweza kustahimili nini. Na pasipo na kipimo, hasara inamwangukia mnyonge. Siku zote.

Wenzetu ugomvi huu waliupitia zamani. Kule Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni za reli zilikuwa hazitaki hata kusikia maboksi ya karatasi, zilizoea masanduku ya mbao, na mzigo ukivunjika kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Suluhisho lao halikuwa mahubiri. Walikubaliana boksi liwe na nguvu kiasi gani kwa mzigo wa uzito gani, na mtengenezaji apige mhuri wa kuthibitisha. Mhuri huo upo hadi leo. Ukikuta boksi lililotoka kule, geuza kitako chake, utaona duara limechapwa: jina la kiwanda, uzito wa mwisho, na nguvu ya karatasi. Kipimo kimoja kinachoandikwa humo ni cha kusimamisha kipande cha boksi wima na kukikandamiza hadi kikunjike; boksi la kawaida kabisa huandikwa 32, yaani ratili 32 kwa kila inchi moja ya ukingo. Mwenye reli akisema boksi lako bovu, unamwonyesha kitako.

Baadaye ikaonekana kupima karatasi peke yake hakutoshi, lazima upime mzigo mzima kama utakavyosafiri. Mwaka 1948 watu wa viwanda vya vyombo vya enameli, majiko na kadhalika, wakaanzisha kamati ambayo ndiyo leo tunaiita ISTA. Utaratibu wao rahisi kuliko wote ni kitu ambacho kijana wa fomu tu anaweza kukifuata. Boksi lisilozidi kilo 9 na nusu hivi unalidondosha kutoka sentimita 76, mara kumi. Kona moja, kingo tatu, na pande zote sita. Kona wanayochagua si ya kubahatisha, ni ile ya chini iliyo karibu na mshono wa boksi, maana ndiyo dhaifu. Boksi likiwa zito zaidi unapunguza urefu. Kwa nini? Kwa sababu boksi la kilo tano mtu analirusha kwa mkono mmoja huku anaongea na simu, la kilo arobaini analishusha na mwenzake huku wanasema taratibu taratibu. Yaani walimwangalia kuli kwanza, ndiyo wakaandika kanuni. Hapo ndipo nilipowapenda.

Kabla ya kudondosha, wanalitikisa. Boksi linawekwa juu ya meza inayopanda na kushuka sentimita 2 na nusu, wanaongeza mwendo hadi boksi linaanza kurukaruka kiasi cha kupitisha kipande cha bati chembamba chini yake, halafu wanaliacha lirukeruke mara 14,200. Ni karibu saa nzima. Mtu asiyejua atacheka, lakini waliowahi kukaa siti ya nyuma kabisa wanajua kwamba 14,200 ni utani.

Kwa mizigo ya hatari kama tindikali na dawa za wadudu, hayo si hiari hata kidogo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka chombo kidondoshwe kutoka mita 1.8 kwa vitu vya hatari kubwa, 1.2 kwa vya kati, na 0.8 kwa vya hatari ndogo. Sisi wa pilipili ya kusaga hatulazimishwi na mtu, ndiyo maana hatufanyi.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo pana utamu. Mtu atasema, si tuchukue tu vipimo vya wazungu tumalize? Nami nasema chukueni utaratibu, lakini safari iwe yetu. Safari ya Iringa hadi Dar ni karibu kilomita 500. Kuna Kitonga, kuna mbuga ya Mikumi, kuna matuta ya kila kijiji, na kuna kuhamishiwa kwenye bajaji au bodaboda ukishafika. Lori lenye springi za vyuma hutikisika hasa kwenye mitikisiko mitatu hadi mitano kwa sekunde, na ukipanga mizigo juu kwa juu ni ule wa juu kabisa unaorushwa zaidi, wakati wa chini kabisa unakandamizwa. Ndiyo maana nyanya za Ilula zinaumia kwa namna mbili tofauti ndani ya lori moja: za chini ya tenga zimepondeka, za juu zimechubuka. Mnunuzi wa Ilala anaona uozo tu.

Halafu kuna unyevu, na hapa naomba tukae kidogo.

Boksi la karatasi linakunywa maji kutoka hewani bila kunyeshewa hata tone. Likitoka kwenye hewa ya unyevu wa asilimia 50 likaingia kwenye asilimia 90, linapoteza karibu nusu ya nguvu zake za kubeba. Fikiria boksi limetengenezwa vizuri, likapakiwa Iringa penye ubaridi mkavu wa Agosti, halafu likakaa kwenye stoo ya Dar mwezi wa nne, masika, stoo ya mabati isiyo na dirisha. Hakuna aliyelirusha. Hakuna aliyelikalia. Linalegea tu lenyewe taratibu, na asubuhi moja mpangilio mzima umelala upande kama mlevi.

Hesabu yake iko hivi. Una maboksi ya kilo 12, umepanga manane juu kwa juu. La chini linabeba saba yaliyo juu yake, yaani kilo 84. Mtu anasema basi nahitaji boksi la kubeba kilo 84. Hapana ndugu yangu. Kwa sababu ya unyevu, ya muda (boksi linaloweza kubeba kilo 200 kwa dakika moja haliwezi kuzibeba kwa mwezi), na ya kugongwagongwa njiani, watu wa fani huzidisha mara tatu hadi tano. Kwa hiyo tafuta boksi lililopimwa kati ya kilo 252 na 420. Na hapo ni boksi jipya. Lile la mafuta ya kula tunaloliokota dukani limeshakunjwa, limeshakaliwa, limeshasafiri kutoka bandarini. Sisemi msiyatumie, umaskini una sheria zake. Nasema jueni limebakiza nguvu kiasi gani kabla ya kulikabidhi mtaji wako.

Kitu kimoja cha bure kabisa: msipange maboksi kwa kupishanisha kama mafundi wa tofali. Najua inaonekana imara, kila stoo niliyoingia wanapanga hivyo. Lakini sehemu kubwa ya nguvu ya boksi iko kwenye kona zake nne. Ukipanga kona juu ya kona, mzigo unashuka kwenye nguzo. Ukipishanisha, kona ya juu inakaa katikati ya ukuta wa boksi la chini, mahali palipo dhaifu kuliko pote. Ukiogopa mpangilio usianguke, funga kamba kuzunguka.

Na kuna suala la mwinuko ambalo halizungumzwi kabisa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina kanieneo pungufu kwa asilimia 18 hivi ukilinganisha na Dar. Pakiti ya krispi iliyofungwa Dar ikifika Mbeya inavimba kama mpira. Kama mshono wa juu ulichomwa vibaya, unaachia. Kinyume chake, ukifunga chupa ya plastiki Iringa ukakaza kifuniko barabara, ikishuka Dar inabonyea mbavu. Mteja anadhani umempunja, kumbe ni hewa. Na hapo hapo kwenye plastiki: wale mnaojaza jemu ikiwa ya moto kwenye chupa za kawaida za maji, chupa hizo zinaanza kulegea zikifika nyuzi joto 70 na kitu. Hamna haja ya kwenda maabara kujua hilo, chungulieni tu kiuno cha chupa.

Najua kinachofuata. Watu wa hosteli yangu walishaniambia: "Wewe unaongea mashine za mamilioni, mama ntilie atatoa wapi?" Hoja nzuri, ila haina miguu. Kudondosha boksi kunahitaji boksi, futi ya fundi na sakafu ya saruji. Kwa mtikisiko, kodi bodaboda, funga boksi nyuma, mpe dereva hela ya kuzunguka saa nzima kwenye barabara ya vumbi yenye yale mawimbi. Au weka simu ya bei poa ndani ya boksi lenyewe na programu ya kurekodi mtikisiko, uisafirishe Iringa hadi Dar. Sensa ya simu haitapima vizuri kishindo cha kuanguka, kwa kuwa kishindo huzidi uwezo wake, lakini mtikisiko wa barabara itakuletea. Mfuko wa unga unauzamisha kwenye beseni la maji na kuuminya, ukiona vipovu mshono unavuja.

Nayoipenda kuliko zote ni ya chumvi. Chukua ndoo yenye kifuniko kinachobana. Weka chini chumvi ya mezani nyingi na maji kidogo, iwe kama uji mzito, chumvi ibaki bila kuyeyuka yote. Weka kigoda cha plastiki juu yake, juu ya kigoda weka pakiti yako, funga. Ndani ya ndoo hiyo hewa itatulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 75, na itabaki hapo wiki kwa wiki. Ni asilimia hiyo hiyo 75 wanayotumia viwanda vya dawa kuzeesha vidonge kwa haraka, ila wao wanaongeza joto la nyuzi 40 kwa miezi sita kwenye kabati la gharama. Wewe una ndoo na chumvi. Pima pakiti kwenye mzani mzuri kila siku, uandike. Ikiongezeka uzito inakunywa maji, na unga wako unaelekea kwenye ukungu. Tukumbuke kwamba mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi. Ule ulikuwa mkasa wa nafaka za majumbani, sawa, lakini fangasi hajali kama unyevu umepita kwenye gunia au kwenye pakiti yenye lebo nzuri.

Wengine wanasema kupima kutawafanya watu watumie vifungashio vizito na ghali. Mara nyingi ni kinyume. Asiyepima ndiye anayejaza soltepu raundi nne na magazeti kilo mbili kwa hofu. Soltepu hailindi chupa. Chupa inavunjika kwa kugongana na mwenzake, na dawa yake ni vigawanyo vya karatasi ngumu vilivyokatwa vikaingiliana, kila chupa na chumba chake. Nilijaribu na maboksi mawili yanayofanana, chupa zimejazwa maji. Lenye magazeti lilipoteza chupa tano kwenye mdondosho wa nne. Lenye vigawanyo lilimaliza yote kumi na chupa moja tu imepata ufa. Boksi mbili si utafiti, najua, mwalimu wa takwimu asinitoe macho. Ila vigawanyo vile nilivikata kutoka kwenye boksi bovu, gharama yake kisu na jioni moja.

Kwa hiyo ninachotaka ni nini hasa? Kwanza, TBS pale Ubungo wana kituo cha teknolojia ya vifungashio, na SIDO wapo mikoani. Badala ya semina ya kumi ya lebo, kila ofisi ya SIDO mkoani iwe na meza ya kudondoshea, mzani na kabati la unyevu, mjasiriamali aje na boksi lake aondoke na karatasi moja: limepimwa tarehe fulani, limestahimili hiki, limeshindwa kile. Pili, mabasi yakubali karatasi hiyo. Boksi lililopimwa likifika limepasuka, kampuni ilipe. Lisilopimwa, maandishi madogo ya risiti yaendelee. Sioni kwa nini msafirishaji mwaminifu aikatae, naye anachoka kugombezwa kwa maboksi yaliyooza. Tatu, sisi. Kila mwaka watu wa mwaka wa mwisho wanahangaika kutafuta mada ya project, wanaishia kurudia ya kaka zao. Kuna barabara ya Iringa, ya Tanga, ya Dodoma, na sijakutana na mwanafunzi mwenzangu aliyepima mtikisiko wa hata moja. Anayetaka mada, hiyo hapo, bure.

Mama mdogo sasa anatumia vigawanyo na boksi jipya la tabaka mbili. Boksi linamgharimu zaidi, kama shilingi 60 kwa kila chupa ukigawanya. Mzigo wa mwisho zimefika 24, ingawa kifuniko kimoja kilikuwa kinavuja na hilo bado tunalitafutia dawa.

Ijumaa saa kumi jioni nyuma ya karakana tutadondosha maboksi manne: moja la asali, mawili ya juisi, na trei za mayai za jirani yetu mmoja ambaye ameshatangaza kwamba yakivunjika tunayakaanga. Mwenye futi ndefu aje nayo, ile yangu imekatika kwenye sentimita 70. Na aje mtu mwenye kikaango.